Nilivyokwenda Tunduma Kutafuta Suruali Isiyoshuka

Nisikilize, wewe unayesoma haya huku umelegeza kitufe cha suruali chini ya meza. Usione haya, tuko wengi. Wengine tunalegeza, wengine tunashikilia. Mimi nilikuwa wa kushikilia, na ndiyo sababu ya safari hii ninayotaka kukusimulia polepole, kituo kwa kituo, ili nawe siku ukienda kwenye mafungu ya mitumba usirudi na hasara niliyorudi nayo mimi miaka yote.

Mimi ni mkulima wa kahawa na mahindi hapa Itaka. Kanisani napiga besi katika kikundi cha tarumbeta, ile tarumbeta kubwa kuliko zote, unayoikumbatia kama mtoto aliyelala. Besi haina mbwembwe, lakini ikinyamaza wimbo mzima unayumba. Nimeipiga tangu ndevu zangu zianze kuota, na sijui kitu kingine ninachokifanya vizuri kiasi hicho mbele za watu. Mwaka huu kikundi chetu kilialikwa kupiga Mbozi Mission, Jumapili ya mavuno. Wiki chache kabla yake tulisindikiza maharusi hapa kijijini, na tukiwa katikati ya barabara suruali yangu ikaanza kushuka. Nikaidaka kwa mkono wa kushoto. Besi ikabaki na mkono mmoja, ikatoa sauti ya ng'ombe aliyepotea.

Mwalimu Yotham, anayetuongoza, si mtu wa kufoka. Alisubiri maharusi waingie ndani, akanivuta pembeni.

"Lwitiko, ndugu yangu, besi ni ya mikono miwili."

"Najua, Mwalimu."

"Basi tafuta suruali nyeusi, ya heshima, inayokaa yenyewe. Ijumaa ya mazoezi ya mwisho ukija na hiyo ya kushikilia, Mbozi Mission besi atabeba mwingine. Wewe utakaa na wasikilizaji, upige makofi. Makofi nayo ni ya mikono miwili."

"Na mkanda je?"

"Mkanda umeutoboa kwa msumari hadi umeisha. Mbele suruali imejikunja kama mwavuli."

Kabla hatujaondoka, nikueleze sisi huwa tunachaguaje suruali, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea mbele. Tunapima kwa shingo. Unafunga kitufe, unashika kiuno cha suruali kwa pande mbili, unakizungusha shingoni. Pande zikikutana kisogoni, hiyo ni yako. Hakuna haja ya kuvua nguo sokoni. Baba zetu walipima hivyo, kikundi chetu chote hupima hivyo, na Mwalimu Yotham huwapima wapya yeye mwenyewe, kwa uangalifu kabisa.

Alfajiri ya kuondoka, mke wangu Atupele alinisindikiza hadi barabarani, ambako jirani yetu alikuwa anapakia mahindi kwenye lori lake.

"Baba Tuma, ukirudi na nyingine ya kushikilia, safari hii nitakufunga kanga," alisema. "Kanga angalau najua inavyofungwa."

Jirani akacheka hadi akaangusha gunia. Nikapanda mbele, tukashuka kuelekea Mlowo, vumbi nyuma yetu na migomba yenye umande kila upande.

Mlowo tulisimama ili dereva anywe chai, nami nikapata nafasi ya kuingia duka la nguo mpya. Niliamini tatizo langu ni mitumba. Mwenye duka alinitazama usoni, hakutazama chini, akanipa suruali ya kitambaa. Ilipanda vizuri hadi mapajani, ikagoma. Akanipa kubwa zaidi. Hiyo ilipita mapaja, ikapita nyonga, ikafika kiunoni na kuacha nafasi ya kutosha kuku atage.

"Hiyo ni ya kiume na ni saizi yako," alisisitiza.

"Ya mapaja yangu, ndiyo. Kiuno bado hakijapata."

"Kaka, mwili wako ndio una matata. Suruali ni nzima."

Nilimshukuru. Lakini njiani kupita Vwawa nilikuwa nayatazama mapaja yangu yaliyojaa kiti cha lori. Nimepanda vilima vya Itaka kwa baiskeli yenye gunia nyuma tangu utotoni. Mapaja na nyonga vimejengeka, kiuno kimebaki chembamba. Sikuona kosa langu liko wapi.

Tunduma tulifika jua likiwa limechangamka. Malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Zambia yalikuwa yamejipanga mpaka mtu unachoka kuyatazama, na pembeni yake watu wanauza kila kitu kwa shilingi na kwa kwacha, wakihama kutoka Kiswahili kwenda Kibemba kabla hujameza mate. Katika soko la mitumba nilimkuta kijana mmoja mchangamfu, Jofu, ana mafungu mawili ya suruali juu ya turubai. Kwenye moja ameweka kipande cha boksi kilichoandikwa ZA KIUME, kwenye jingine ZA KIKE.

"Karibu, mkubwa! Za kwako hizi. Leta shingo."

Nikaleta shingo. Akanizungushia moja nyeusi, pande hazikukutana. Akaleta kubwa zaidi, zikakutana kisogoni kama zilizoagizwa. Nilikuwa nimevaa bukta ndani, kwa hiyo nikasema safari hii nitahakikisha. Nikaijaribu. Nilipoiachia, ilishuka hadi magotini mbele ya umati.

Ndipo nikasikia mtu anacheka, kicheko cha kutoka tumboni. Alikuwa mama mmoja mrefu, mwembamba, amevaa chitenge na viatu vya raba, ameinama kwenye fungu la kike anarusha suruali huku na huku kama anayepepeta maharage. Baadaye nilijua anaitwa Bana Mwape, yaani mama yake Mwape, na anatoka ng'ambo ya pili, Nakonde, anakoendesha pikipiki kupeleka bidhaa zake vijijini.

"Batata," aliniita, kwa heshima wanayopewa wanaume kwao, ingawa kicheko hakikuwa na heshima yoyote, "shingo yako ni ya nani na kiuno chako ni cha nani?"

"Vyote vyangu, mama."

"Awe! Hapana. Hiyo shingo ni ya fahali. Unafanya kazi gani?"

"Napiga besi kanisani." Nikavimbisha mashavu kumwonyesha. Mishipa ya shingo ikasimama.

Akaacha kucheka, akanishika shingo kama anayenunua mbuzi. "Sasa umeona? Kila ukipuliza, shingo inanenepa. Miaka yote umenunua suruali ya besi, hukununua yako."

Nilianza kuwafikiria wenzangu mmoja mmoja. Sisi wa tarumbeta kubwa, suruali zetu wote zinapwaya. Nasi tunalaumu mikanda.

Bana Mwape naye alikuwa na shida yake. Za kike zote zilimpwaya nyonga na kuishia juu ya kifundo cha mguu. Kwenye pikipiki zinapanda hadi karibu na goti, naye anapigwa na vumbi na moshi. Alihama, akaja kwenye fungu langu.

"Mama, za kike kule!" Jofu akapaza sauti.

"Nimetoka kule, mwanangu. Kule hakuna miguu."

Mimi nikaenda kwenye fungu lake.

"Mkubwa, nawe umepotea! Hizo za akina mama!"

"Acha nipotee kidogo," nikamwambia.

Sasa hapa nikueleze polepole. Suruali zinazoitwa za kike, nyingi hukatwa zikiwa nyembamba kiunoni na zenye mviringo nyongani. Zinazoitwa za kiume, nyingi hushuka zikiwa zimenyooka, na miguu huwa mirefu. Anayekata kitambaa hajakuona. Amekisia tu, kisha mwingine akaandika kwenye boksi. Mwili wako haukuhudhuria kikao hicho.

Nikapata nyeusi, ya kitambaa kizito kizuri. Bana Mwape akafungua chitenge chake cha juu, ndani alikuwa na kingine, akanizungushia nijisitiri. Nikapandisha suruali. Ikapita mapaja bila ugomvi, ikakaa nyongani, nikafunga kitufe, ikatulia. Niliondoa mikono. Nikasubiri. Haikwenda popote. Naye, kutoka kwenye fungu la kiume, alikuwa amepata kadeti ya rangi ya udongo iliyomfika viatuni, anachuchumaa na kuinuka kama aliyepanda pikipiki tayari.

"Lakini, mkubwa," Jofu alininong'oneza wakati ananifungia, "watu wakiuliza?"

"Nitawaambia nimenunua kwako."

"Usinitaje!"

Mchana huohuo, njiani kurudi, nilishuka Vwawa, maana suruali yangu ilikuwa na kasoro mbili. Mifuko yake iliweza kubeba sarafu moja tu, na pindo lilihitaji kushushwa kidogo. Pale nina rafiki, Fundi Ezekia, mwenye cherehani chini ya kibaraza. Aliipindua ndani nje, akakunja uso.

"Hii ya shemeji?"

"Ya kwangu. Ongeza kina cha mifuko, shusha pindo."

"Sawa. Na hapa nyuma nitanyoosha." Alikuwa ameshachora mstari wa chaki kwenye mshono wa makalio.

Nikaidaka suruali. "Unanyoosha nini?"

"Suruali ya mwanaume haina mviringo hapa."

"Mimi ninao, Ezekia."

Alinitazama. Akanizunguka. Akanitazama tena kwa nyuma, kwa muda mrefu kuliko urafiki wetu unavyoruhusu, kisha akafuta chaki kwa kiganja. "Kweli unao," akasema, akaanza kukata mifuko.

Nakuomba ukumbuke jambo hilo. Nguo ikikukaa, mwambie fundi asichotakiwa kukigusa kabla ya kumwambia anachotakiwa kukishona. Fundi ana mazoea ya mkono, na mkono hauulizi.

Nilirudi nyumbani jua likizama. Atupele aliikagua suruali, akaikunjua, akaniambia, "Lakini hii nimeitamani mimi." Akaingia chumbani kuijaribu. Alitoka ameishikilia kwa mikono miwili, inamshuka.

"Kumbe mwenye nyonga humu ndani ni wewe," akasema, akanirudishia.

Ijumaa ilipofika sikuwa na raha. Suruali ilinikaa, hilo halikuwa na shaka. Lakini Mwalimu Yotham alisema suruali ya heshima, na ni mtu ambaye mama mmoja wa kwaya akija na suruali, hukohoa. Nikimkera, besi inaondoka kwa sababu nyingine kabisa.

Tulikusanyika uwanjani mbele ya kanisa. Alinipitia kwa macho kutoka juu. Kola, sawa. Koti, sawa. Macho yakafika kiunoni, yakasimama.

"Lwitiko."

"Naam, Mwalimu."

"Kitufe hicho kimekaa kushoto, kama kwenye nguo za mke wangu."

Kikundi chote kikanigeukia. Mwenye ngoma akashusha vijiti.

"Ni kweli, Mwalimu. Nimeitoa kwenye fungu la kike. Naomba unipime kwa wimbo. Ikishuka hata kidogo, nakukabidhi besi mwenyewe."

Alinyoosha kidole kuelekea kanisa, maana yake nizunguke. Nikaikumbatia besi kwa mikono miwili, nikavuta pumzi, nikaanza wimbo wa mavuno peke yangu, huku natembea kwa hatua za gwaride. Nikapita nyuma ya kanisa. Nikapanda ngazi za mlangoni, nikashuka. Sijui kama nimewahi kupiga hivyo. Kumbe nilikuwa natumia nusu ya pumzi kuizuia suruali kwa tumbo, miaka yote hiyo. Nilipokaribia kumaliza ubeti, ngoma ikaingia, halafu tarumbeta ndogo, halafu wote.

Mwalimu Yotham alishusha mkono. "Kitufe hakimo kwenye nota," akasema. "Jumapili utasimama mahali pako."

Wenzangu walipoondoka, alibaki anafungafunga karatasi zake bila sababu. Yeye ana shingo ndefu, nyembamba kama ya korongo, na suruali zake, kwa kipimo cha shingo, zimembana tangu nimjue. Alifungua koti. Kitufe hakikuwa kimefungwa. Palikuwa na pini kubwa, na ilikuwa imechoka.

"Huyo kijana wa Tunduma," aliuliza huku akitazama kilima, "mafungu yake yapo upande gani wa soko?"

Nikamweleza. Nikamwambia pia aiache shingo nyumbani.

Jumapili, Mbozi Mission, uwanja ulijaa. Tulipita katikati ya watu na mazao yao, na mimi nikapiga kwa mikono miwili kuanzia getini hadi madhabahuni. Hakuna aliyetazama kitufe changu. Watu walitazama besi.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini kimenitosha. Maandishi kwenye boksi humsaidia muuzaji kupanga mali yake. Kukuambia wewe una umbo gani, hayawezi, na hakuna aibu kuwa na umbo ambalo aliyeyaandika hakulifikiria.

Kwa hiyo ukifika sokoni, pitia mafungu yote mawili. Vaa suruali yenyewe juu ya bukta au ndani ya kanga. Funga kitufe, chuchumaa, inuka, kisha tembea hatua chache mikono ikiwa juu. Ikikaa, lipa uondoke nayo.