Mgeni Hakuahidi Kitu

Kuna siku moja ya kiangazi naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, binti pekee aliyejua Kiingereza kijijini kwetu huku Mamba, na majivuno hayakunipungukia. Ndiva yetu, lile bwawa la mawe na udongo linalotunza maji ya mashamba, ilikuwa imepasuka ukuta. Tulishapanga msaragambo wa kuuziba, kila nyumba itoe mtu na jembe.

Basi akaja mgeni Mzungu wa mradi wa maji. Akauzunguka ukuta, akaandika, akasema, "We will look into it." Maneno hayo nilifundishwa shuleni na niliyajua barabara: watalitazama jambo, watalichunguza. Ahadi ya kujenga haimo humo hata chembe. Lakini wazee walinikodolea macho, mama yangu naye meno yote nje kwa fahari. Nikaona aibu kuwapa maneno makavu namna hiyo. Nikasema, "Anasema watatujengea."

Vigelegele! Mzee Mbwambo, msimamizi wa maji, ndiye peke yake hakucheka.

"Kasema hivyo hivyo, binti?"

"Hivyo hivyo, babu."

Msaragambo ukaahirishwa. Nani akande udongo wakati Wazungu wanaleta saruji? Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao, ila siku hiyo hakuna aliyewakumbuka. Wiki zikapita, wageni kimya. Vuli iliponyesha ukuta ukabomoka wote, maji yakaenda zake bondeni. Mvua ilipokatika, maharage yakakauka yakiwa na maua, na tangawizi ya mama ikanyauka. Nilimwona akiing'oa, nikashindwa kula.

Nikaenda kwa Mzee Mbwambo, nikamwamkia, nikamweleza yote. Nilitarajia fimbo. Yeye akachukua baragumu, akalipuliza. Watu wakaja na majembe yao, wakakusanyika penye ule ukuta. Akanigeukia. "Haya, watafsirie tena."

Nikatafsiri. Mama alikuwa mbele kabisa, akainamisha uso. Loo, mwanangu, usiombe yakukute.

"Ungetuambia hivyo siku ile," mzee akasema, "tungeuziba kwa siku mbili." Kisha tukaanza kubeba mawe, nami nilibeba hadi mabega yakachubuka.

Nyie mna simu zinazotafsiri, na mmesoma kutuzidi. Sawa. Lakini ukisimama kati ya watu wawili, mpe kila mmoja neno la mwenzake kwa uzito wake, liwe tamu au chungu. Aliyesema atatazama, sema atatazama. Anayekutegemea hana njia nyingine ya kujua, na ndiyo maana kumdanganya ni rahisi, na ndiyo maana ni dhambi. Nawe ukiambiwa jambo lako litatazamwa, endelea kuziba ukuta wako.

Mungu akunyooshee ulimi, mwanangu, na akujalie watu wa kukuuliza mara mbili.