Njia ya Majivu

Jirani yangu huchora bustani yake kwa majivu. Kila asubuhi huchota kopo moja jikoni, akachora njia kutoka mlangoni hadi kivulini kwa mpera, akasimama mikono kiunoni, kisha akaifuta kwa ufagio na kuanza upya. Mumewe, tangu apooze upande wa kulia, hataki kubebwa, kwa hiyo hatoki.

Jana fundi alipendekeza ngazi za mawe. "Zitapendeza, mama."

"Zimpendeze nani?"

Akaufunga mkono wake wa kulia kwa mtandio, akaketi kwenye kiti cha magurudumu cha mumewe, akajisukuma kwa mkono na mguu wa kushoto. Penye kona kiti kikagoma. Hakuita mtu. Alirudi nyuma, akajaribu tena, akakwama tena, jasho likamtiririka mpaka kidevuni.

"Hapa panua," akamwambia fundi. "Na mteremko huu uulaze."

"Mama, hii sasa ni barabara ya malori!"

"Basi na yapite."

Dirishani ikasikika sauti nzito, ya kujikokota:

"Shuka basi, mama watoto. Zamu yangu."