Maji Ndani ya Mlango

Wateja wangu wa vifaranga nawakumbuka wote kwa jina, kutoka Kiminini mpaka Bungoma, na majina ya watoto wao pia. Sitayaandika hapa, maana mtu hapendi kukuta jina lake mahali ambapo hakulipeleka. Nitamtaja tu mama mmoja wa karibu na Kibabii, aliyekuwa akininunulia kuliko wote.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa nachukua vifaranga wa siku moja Kitale, mzee wangu, mume wangu, ananipeleka Bungoma na gari letu kuukuu. Maboksi tulikuwa tunayaweka chini kwenye kapeti, nyuma ya viti vya mbele, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na joto. Mvua ilipoanza, kapeti nayo ikaanza kulowa. Boksi likinyonya maji linalegea, na kifaranga akilowa miguu hana maisha. Anakunja shingo tu, anatulia.

Mama wa Kibabii alifungua boksi mara ya kwanza akacheka. Akaniuliza, "Mama, umeniletea kuku ama umeniletea samaki?" Nikacheka na yeye. Mara ya pili hakucheka. Alitenga waliokufa kando, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu wa Webuye anataka kumletea, na safari ijayo ndiyo atajua kama ataendelea na mimi. Yeye akiniacha, biashara imekwisha. Wale wengine walikuwa wa kununua wawili watatu.

Tulitafuta hayo maji mpaka tukachoka. Fundi wa mjini alibadilisha raba ya kioo cha mbele. Maji yakaingia. Mzee akatoa majani makavu yaliyojaa chini ya boneti, akapaka gundi nyeusi karibu na waipa. Maji yakaingia. Kila tukirudi nilikuwa natoa kapeti, naikamua, naianika kwenye ua, na haikauki, maana huku kwetu mvua ikishika imeshika. Gari likanuka kama mahindi yaliyooza guniani. Mgongo ulikuwa unaniuma, na mzee alikuwa ameanza kusema ati liuzwe kama vyuma chakavu.

Siku moja kabla ya safari nilinyunyiza unga pale pa kuweka maboksi, ili maji yakipita yaache njia. Nikaketi humo ndani, miguu juu ya kiti. Mzee akamwaga maji ndoo kwa ndoo, juu ya paa, juu ya vioo. Unga ukabaki mkavu.

Nikamwambia aache, ndoo ni nzito na yeye si kijana. Nikashuka, nikaubamiza mlango wa nyuma kwa uchovu, na nikasikia maji yakicheza ndani yake, kama mtungi uliojaa nusu. Nikaufungua nikaufunga tena. Yakacheza tena, na safari hii yakachuruzika chini ya ubao wa ndani wa mlango, yakaanguka kwenye unga.

Nilimwita asikilize. Akaweka sikio. Halafu akapiga magoti kwenye matope, akapapasa chini ya mlango.

"Matundu niliyafunga mimi," akasema.

Sikujua mlango wa gari una matundu. Akanieleza kwamba mvua huteremka na kioo mpaka ndani ya mlango, na maji hutokea hapo chini; yakizibwa hujaa, na gari likitikisika yanamwagika ndani. Wakati wa kiangazi alikuwa ameyaziba yote, milango yote, kwa vipande vya patipati, zile ndala za mpira, na gundi.

"Kwa nini, mzee?"

"Vumbi. Ulikuwa unakohoa mpaka unashindwa kula."

Ni kweli nilikuwa nakohoa. Kikohozi kilipopungua nilidhani ni dawa ya hospitali.

"Toa," nikamwambia. "Vumbi nitajifunga leso."

Akachokonoa kwa msumari. Yakatoka maji ya rangi ya chai, yananuka, mlango baada ya mlango, na sisi tumesimama tu tunayatazama.

Kesho yake mvua ilitupiga kutoka Kimilili mpaka Bungoma. Mama wa Kibabii alipitisha mkono chini ya kila boksi kabla hajalifungua. Yalikuwa makavu, akachukua yote, lakini akasema yule wa Webuye ameshamwahidi, kwa hivyo kuanzia sasa atagawa, nusu kwake, nusu kwangu. Nikasema sawa. Nusu si haba, na sikuwa na nguvu ya kumbembeleza.

Njiani kurudi mzee aliniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia aendeshe tu. Nikalala hapo hapo, hata Kiminini sikuiona.