Leso Nyuma ya Makonge

Baada ya moyo kunisumbua, daktari aliniambia mambo mawili: niendeshe baiskeli kila asubuhi, na nisipande mlima. Mimi ni mtu wa Malindi, ambako hata mbuzi hajui mlima ni nini, kwa hiyo sikuona ugumu. Kisha dada wa mke wangu akafanyiwa upasuaji. Mke wangu akaenda kumuuguza, nami nikamfuata Machakos kwa miezi miwili, baiskeli ikiwa juu ya basi.

Nilijuta siku ya kwanza. Ukitoka kwa shemeji ukashika kushoto, unapanda milima ya Iveti. Ukishika kulia, kilima cha Kiima Kimwe kimekukalia mbele. Watu walinisifia Kituluni, mahali ambapo gari likizimwa hupanda lenyewe. Sikuambiwa kwamba kufika huko kwenyewe ni kupanda. Nilirudi nimeshika kifua. Nilihisi nimenasa, kama sisimizi ndani ya bakuli, na niliichukia ile milima kana kwamba imekusanywa kwa ajili yangu.

Wiki ya pili nikaipata barabara ya vumbi iendayo bwawa la Maruba. Tambarare, au karibu. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji, mahindi huku, ua mrefu wa makonge kule. Ilibidi niende mapema, kabla malori ya mchanga hayajaanza kutimua vumbi. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilipumua vizuri.

Karibu kila siku, nyuma ya makonge, niliona leso ya manjano. Nikadhani ni mama fulani aliyebanwa na haja. Niligeuza uso, nikakanyaga pedali haraka, na moyoni nikajisifu kwa adabu yangu.

Jumapili moja mke wangu alirudi na hasira kutoka kwa mama yake, anayekaa karibu na barabara hiyohiyo.

"Mikono ya mum imejaa miiba," alisema. "Kila asubuhi anaingia kwa makonge juu yako."

Nthoni. Nilielezwa kabla ya kuoa: kwa Wakamba wa rika la mama huyo, mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso njiani, mmoja hujificha. Mimi nilidhani hayo ni mambo ya siku ya harusi.

"Na huwa anaenda wapi asubuhi yote hiyo?"

"Anatembea tu. Si ako na presha? Daktari alimwambia atembee kila siku, na asipande mlima."

Nilicheka, halafu nikaona haya. Wagonjwa wawili, na barabara ni moja. Nikasema basi tugawane siku.

"Ukimwambia hivyo atakuachia zote," mke wangu alisema. "Atasema barabara ni ya mgeni. Hatatoka kwa nyumba tena, na hiyo presha itammaliza."

Basi nikawa nimefungwa kotekote. Siwezi kuitumia barabara, wala siwezi kusema nimeiacha kwa ajili yake. Wakati wa chakula nikatangaza kwamba tambarare imenichosha, nataka kuona mandhari. Shemeji alinitazama kifua.

Kesho yake niliisukuma baiskeli kwa mikono kuelekea Iveti, hatua kumi, napumzika, hatua kumi. Mwenye bodaboda mmoja alipunguza mwendo.

"Mzee, ni pancha?"

"Eh, pancha," nilimjibu, maana kueleza kungenimalizia pumzi.

Kwenye kona ya pili barabara ya bwawa inaonekana yote, chini kabisa. Leso ya manjano ilikuwa inakuja polepole, katikati ya njia, nami nikafurahi, nikasema afadhali. Ilipofika kwenye makonge ikasimama. Mama mkwe wangu aligeuka kutazama upande ninakotokea siku zote. Akangoja kidogo. Kisha akaikusanya leso yake, akaingia mlemle miibani, kunipisha mimi niliye huku juu.

Nilitaka kumpigia kelele kwamba siji, atembee. Lakini mtu hampigii mama mkwe wake kelele, hata akiwa mlimani. Nikasimama pale, kidole gumba juu ya kengele ya baiskeli, nikimsubiri atoke.