Majani ya Evelina

Evelina alizaliwa upande wa Maswa, nchi ya ng'ombe wengi na maji machache. Baba yake alikuwa na ngitili. Ngitili ni majani yaliyofungwa. Mvua zikikaribia kuisha, mtu anachagua kipande cha malisho, anakizungushia miiba, na hakuna ng'ombe anayeingia mpaka kiangazi kikali. Huko kwao kila mwenye mifugo alikuwa nayo. Huku kwetu, jirani na Busisi, hatukuwa nayo. Tulikuwa na ziwa. Tuliona linatosha.

Nilimwoa, akaja. Kiangazi cha kwanza aliona ng'ombe wetu wanakula paa la choo. Mvua za mwaka uliofuata zilipokuwa ukingoni alichukua panga akaenda kukata miiba. Alifunga mbuga yetu, ile ya udongo mweusi inayoteremka mpaka kwenye matete ya ziwani. Mimi nilimsaidia kuburuta. Watu walipita wakisimama kutazama.

Mdogo wangu Luhende alikuwa shemeji yake, na shemeji hakosi la kusema.

"Shemeji, wanawake wenzako wanafuga kuku. Wewe unafuga majani?"

"Nafuga."

"Yanataga?"

"Mwezi wa kumi utaleta ng'ombe wako hapa, wayaamkie shikamoo."

Mwezi wa kumi Luhende alileta ng'ombe, mbavu nje. Evelina alisimama penye uwazi wa uzio, akamwambia ng'ombe wataamkia baadaye, kwanza aamkie yeye. Luhende akaamkia. Evelina akaitikia marahaba, akavuta tawi la mwiba pembeni.

Baada ya hapo hakuna aliyemcheka. Wengine wakaanza kufunga vipande vyao, lakini hawakuweza kusubiri. Mtu alikuwa anafunga, ndama wake anakonda, anafungua kidogo, jirani anaona, anaingiza wake, ugomvi. Kikao cha kijiji kikamwita Evelina aseme wao kwao walifanyaje. Alisimama nyuma, kitambaa kichwani, akasema neno moja tu: uzio ukifunguliwa kwa mmoja, umefunguliwa kwa wote, na haufungwi tena mpaka mvua. Ndiyo sheria. Asiyeweza kumkatalia ndugu yake asifunge. Wazee wakaipokea. Mpaka leo ndiyo inayofuatwa pande hizi.

Yeye aliifuata kuliko wote. Mwaka mmoja ndama wetu wa jike aliugua, akawa hawezi kutembea mbali. Nilimwomba tumwingize huyo peke yake. Akasema hapana. Alikwenda ng'ambo ya mto kukata majani, akarudi nayo kichwani kila siku, akamlisha mkononi. Ndama alikufa. Evelina alilia kama amefiwa na mtu. Uzio haukufunguliwa.

Kisha wakaja tohe. Tohe ni mnyama kama swala, rangi yake ya majani makavu. Anapenda majani marefu karibu na maji, na akishtuka anapiga mluzi. Nilipokuwa kijana walikuwa wengi pwani hii. Baadaye mashamba yakafika ziwani, mbwa wakazidi, wakapotea. Asubuhi moja Evelina alirudi kutoka kuchota maji akaniuliza ni nani anapiga mluzi kwenye matete. Nikamwambia hakuna mtu kule. Tukaenda. Walikuwa majike na dume mmoja, wamelala ndani ya ngitili, masikio tu yanaonekana.

Tangu siku hiyo kona ya chini, penye matete, ilikuwa haifunguliwi kabisa. Hata uzio ukiwa wazi juu, pale kulikuwa na uzio wa pili. Alisema ng'ombe wana wenyewe wa kuwalilia, hawa hawana. Watu wa wanyamapori walipita mara moja, wakafurahi, wakapiga picha, wakaondoka. Yeye aliendelea kukata miiba. Mikono yake ilikuwa na makovu mpaka kwenye viwiko. Kanisani alikuwa anaivuta mikono ya gauni kuyaficha.

Mwaka jana tumbo lilianza kumuuma. Alisema ni gesi. Alikunywa mizizi, akanyamaza. Alipoanza kukonda, binti yetu Rose akaja kutoka Kirumba, ambako anauza dagaa sokoni Mwaloni, akamchukua kumpeleka hospitali. Walivuka darajani. Mimi nilibaki na mifugo, nikawa nakwenda hospitali nikipata wa kuniachia.

Kiangazi kilikuwa kibaya. Mvua za masika zilikatika mapema. Kijiji kizima kilikuwa udongo mtupu, na katikati majani ya Evelina yamesimama mpaka kiunoni. Kila nilipoingia wodini swali lilikuwa moja.

"Yamesimama?"

"Yamesimama."

"Na wale?"

"Wana watoto."

Alikuwa anafumba macho, anatabasamu kidogo. Akaniambia wasiguswe kabla watoto hawajaweza kukimbia vizuri. Uzio wa juu ufunguliwe mwezi wa kumi na moja, si kabla. Kona isifunguliwe. Nikamwambia nimesikia. Hakuniomba kitu kingine. Hakuniambia nijitunze, wala habari za kaburi. Aliomba hilo.

Alifariki mwezi wa tisa.

Tulimleta nyumbani. Watu walikuja kutoka kila upande, wa Geita, wa Nyegezi, ndugu zake wa Maswa na ng'ombe wa kuchinja juu ya lori. Kwetu mume aliyefiwa anakaa ndani. Hatoki, hafanyi kazi, hatoi amri, mpaka anyolewe. Wanaume wengine wanalala uani kuzunguka moto, na chini wanatandikiwa majani. Hilo ni jukumu la vijana. Kiongozi wao ni Masalu, mtoto wa jirani, kijana mzuri, Evelina alimlea kama wake.

Usiku wa kwanza baada ya maziko waliingiza majani na ndani, wakanitandikia. Nikalala juu yake. Yalikuwa na harufu ya matope ya ziwani. Majani ya huko juu hayanuki hivyo.

Nikakaa kitako mpaka alfajiri. Kulipokucha nikamwita Masalu. Akapiga goti mlangoni, shikamoo baba. Nikamuuliza majani haya yametoka wapi. Akajibu kwa heshima, macho yamevimba kwa kulia.

"Kwa mama. Kule chini ndiko yalikuwa laini. Tulisema waliokuja kumlilia walale juu ya majani yake, si ya mtu mwingine."

Alifikiri amempa heshima. Na kweli alimpa. Nikamuuliza kama uzio wameurudishia. Akasema walirudi na mizigo usiku, wakauacha. Ng'ombe wa ndugu wa Maswa walikuwa na njaa ya safari, wakafungwa humo humo.

Nikaagiza Luhende aitwe.

Luhende aliingia akakaa kwenye kigoda. Hakuwa na utani. Aliniambia asubuhi hiyo watu wameona ng'ombe wa wageni ndani ya ngitili, na sasa wanaleta wao. Makundi mawili yameshaingia. Mengine yako njiani. Kila mtu ana ng'ombe anayekufa.

"Kaka, uzio umefunguka," akasema. "Sheria unaijua."

"Naijua."

"Ukisema nifunge, nitafunga. Nitasimama pale na fimbo. Lakini nitawaambia nini? Kwamba sheria aliyoiweka ilikuwa ya watu wengine, nyumbani kwake haimo?"

Nje kwaya ya kigango ilikuwa inaimba. Nilifikiri juu ya yule ndama. Nilifikiri juu ya wale wa kwenye kona. Maneno yake ya wodini nilikuwa nayo, na maneno yake ya kikaoni nilikuwa nayo, na yote ni yake, na hayakai pamoja. Hakuwepo wa kumuuliza.

"Na kona?" nikasema.

"Uzio wa kona ndio walioupasua wa kwanza, kaka."



"Waache," nikamwambia. "Wasije wakasema alikuwa na sheria mbili."

Luhende alijifuta uso kwa kofia, akatoka.

Siku zile nilikuwa nasikia tu. Kengele za ng'ombe zikiteremka. Siku ya pili mbwa, wengi, upande wa matete. Kisha mluzi, mara moja, mara nyingine, halafu mbwa tena. Wanawake waliokaa na mimi walianza kusali rozari kwa sauti. Jioni waliniletea ugali na nyama. Nikatia mdomoni. Haikuwa ya ng'ombe. Aliyeleta aliangalia chini. Sikuuliza, naye hakusema, kwa sababu kumuua yule mnyama ni kesi, na wote ni ndugu zetu. Nilisukuma sahani pembeni.

Nilipokwisha kunyolewa nikatoka, nikaenda kuona. Hapakuwa na majani. Palikuwa na kwato, mavi, na udongo uliopasuka. Miiba ya uzio watu walikwishaichukua kuni. Kwenye matete kulikuwa na njia pana imekanyagwa mpaka majini. Pengine wengine waliogelea. Tohe anaweza kuogelea kidogo. Sijui.

Ng'ombe wa kijiji wengi walipona kwa majani yale. Hilo lazima niliseme. Luhende hakupoteza hata mmoja. Alikuja kunishukuru, akashindwa, akazungumza habari za mvua.

Mvua zilikuja zimechelewa. Pale mbugani yaliota magugu kwanza, yale yenye miiba midogo. Kikaoni wengine walisema palimwe dengu, udongo ni mzuri. Nikasema hapana, napafunga. Hawakubisha. Masalu alikuja na wenzake kukata miiba, hakunitazama usoni, nami sikumlaumu. Rose anataka nihamie kwake Kirumba. Nimemwambia nitakwenda kumtembelea.

Uzio umekamilika, wa juu na wa kona. Majani yenyewe yanaanza kutokea, machache, kama nywele za mgonjwa. Asubuhi nakwenda mpaka kwenye matete, nainama, natafuta kinyesi cha tohe kwenye matope. Nimeona cha mbuzi. Nimeona nyayo za ndege. Chake bado.