Mihogo Iliyokataa Kulainika

Sina subira, na tangu utoto nyumbani kwetu Nyamianda wananisema kwa hilo. Lakini wiki ile ya mvua hata mtakatifu angechanganyikiwa. Barabara ya bondeni Ruzizi ilikuwa imefungwa, unga wa muhogo umeadimika sokoni, na tulichobaki nacho ni gunia la mihogo michungu alilotuachia shangazi. Mihogo ya namna ile huwezi kuipika hivi hivi, ina sumu. Lazima iloe mpaka ilainike, halafu ikaushwe na kutwangwa.

Tuliimenya, tukaizamisha kwenye pipa uani. Nikaanza kulizunguka pipa lile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Naminya kipande, kigumu. Naenda hadi barabarani, narudi, naminya tena, bado kigumu. Ndani, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye ameanza kula ugali juzi tu, analia njaa.

Vimeng'enya nilikuwa nimevikariri shuleni kwa ajili ya mtihani. Sasa vilikuwa jambo la tumbo. Muhogo una kimeng'enya chake chenyewe kinachoivunja sumu ili itoke, ila baridi hukizubaisha. Nikaikatakata mihogo vipande vidogo, maana kadiri inavyopasuka ndivyo kazi inavyokwenda mbio. Nikalisogeza pipa penye kijua. Nikaomba kwa jirani maji ya mihogo yake iliyokwisha kuchacha, nikayaongezea humo ili na yetu ichache upesi. Bado sikutulia.

Mama akatoka na birika linalochemka, akaliinamisha juu ya pipa.

"Mama, hapana! Moto mingi itaua ile kitu inatoa sumu. Muhogo italainika, sumu itabakia."

"Weye masomo yako iko mingi," akasema. "Mutoto iko na njaa. Miye nishachoka kungoja."

Nikamnyang'anya birika. Ndiyo, mama yangu mzazi. Nikachanganya maji yale na ya baridi mpaka yakawa vuguvugu, ndipo nikayamimina. Akarudi ndani kwa hasira, nami nilikuwa na hasira vilevile, hasira ya tumbo tupu.

Hatimaye mihogo ikalainika. Jua lilipotoka tukaianika kwenye bati, ikakauka, tukaitwanga, mama akasonga ugali. Nikanyoosha mkono. Akaupiga, akavuta sahani kwake, akala peke yake. Kisha akaifunika sahani kwa kitenge na kungoja.

Mtoto akapiga kelele.

"Mama, mumupatie basi!"

"Nyamaza. Kama sumu iko, ianzie kwangu."

Tulikaa vile mpaka kivuli cha ukuta kikafika mlangoni. Mimi niliyekuwa nikiharakisha kila kitu, sasa niliogopa kila dakika. Nilikodolea macho midomo yake, mikono yake, nikiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu aliyesema maji ya vuguvugu yatatosha ni mimi. Mwishowe akafunua sahani, akamega tonge, akalipuliza, akamlisha mtoto.