Bega la Léocadie

Kitambulisho kilimwita kwa jina la babu yake, kama serikali ilivyotaka miaka ile ya Zaïre, lakini pale kijijini Kibati alikuwa Léocadie tu, mjane wa Nsabimana, mkulima wa maharagwe mwenye ulimi usiojua kunyamaza.

Asubuhi hiyo alisimama uani kwa Hitimana, mkubwa wa chama cha ngobyi, ile machela ya mianzi iliyowapeleka wagonjwa wa kijiji hospitalini Goma. Binti yake wa pekee, Valérie, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana, na mkunga alikuwa amekata tamaa. Mafuta yalikuwa yameadimika wiki nzima. Hakuna gari lililopita.

Sheria ya chama ilikuwa moja: kila nyumba itoe bega la kubeba. Nsabimana alibeba miaka kumi na miwili. Alipofariki, nyumba yake ikafutwa chamani kabla matanga hayajaisha. Wala hawakuona haya.

"Mama, nyumba yako haina mwanaume," Hitimana alisema akitazama chini. "Bega itatoka wapi? Tukikubali wewe, kesho wajane wote watakuja."

"Wakuje. Bega ni hii."

Akakunja kitenge, akakiweka begani, akaenda kushika mti wa mbele wa machela. Hakuna aliyesogea. Kisha jirani yake Ntirenganya, ambaye Nsabimana alipata kumbeba, akaja akashika mti wa pili. Wawili wengine wakamfuata, na wengine wa kupokezana nao.

Walimlaza Valérie kwenye machela, wakashuka wakikanyaga mawe makali ya volkano. Kila walipobadilishana wabebaji, Léocadie alikataa kupokewa. Alijua wangesema ameshindwa. Karibu na mji, Valérie akaacha kuugua.

"Valérie, semesha mimi."

Hatua kumi, ishirini.

"Mama, unanitikisa sana."

Mtoto alizaliwa hospitalini mchana, wa kike, mzima, na mama yake mzima.

Wiki tatu baadaye Hitimana alianguka shambani akavunjika mguu. Baragumu la kuita wabebaji lilipolia, Léocadie alifika wa kwanza, kitenge kimekunjwa, kidonda cha begani hakijakauka. Hitimana, amelala kwenye machela, akaona ni nani aliyeshika mti wa mbele. Akafungua kinywa.

"Tulia, muzee," Léocadie alisema akiinua. "Uko muzito."